Mzee wa Watu na Mzee Wako

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wa nchi maskini wanaitiwa leo katika nchi tajiri, iko moja ambayo babu zetu wasingelidhani kuwa ingekuja kuvuka bahari, nayo ni kazi ya kutunza wazee. Msichana anaondoka kwao Java, katika Indonesia, anakwenda mpaka Japani, na huko anamwogesha, anamlisha na kumgeuza kitandani mzee ambaye si baba yake, si mjomba wake, wala si wa dini yake. Kwa kazi hiyo analipwa mshahara. Na huko alikotoka, mama yake naye anazeeka, na pengine jirani ndiye anayemtekea maji.

Suala linalozuka hapa si la uchumi peke yake, bali ni suala la akhlaki. Je, ni sawa mtu kumwacha mzazi wake ili aende kumtunza mzazi wa mwenziwe kwa ujira? Na je, huruma ni kitu kinachoweza kununuliwa? Wako wanaojibu upesi kwamba riziki ni riziki, na mwenye njaa haulizwi. Na wako wanaojibu upesi vile vile kwamba huyo ni mtoto asi aliyeuza radhi za wazazi kwa pesa. Majibu yote mawili yanaharakisha. Tulitazame jambo lenyewe, ndugu msomaji, kisha tulipime.

HALI ILIVYO

Japani ni nchi iliyozeeka kuliko karibu nchi zote za dunia. Katika kila watu mia wa nchi hiyo, takriban ishirini na tisa wamefikia umri wa miaka 65 au wameupita. Watoto wanaozaliwa ni wachache, vijana wamehamia mijini, na nyumba za zamani walimokaa babu, mwana na mjukuu chini ya paa moja zimepungua sana. Serikali yao haikukaa kimya. Tangu Aprili 2000 nchi hiyo ina bima maalumu ya kuwatunza wazee, ambayo kila mkazi huanza kuichangia anapofika miaka 40. Fedha ikapatikana, na nyumba za kutunzia wazee zikajengwa. Kilichopungua ni mikono.

Basi ikafunguliwa milango. Mwaka 2008 lilifika kundi la kwanza la Waindonesia 208, nusu yao wauguzi na nusu yao watunzaji wa wazee, kwa mapatano ya kiuchumi baina ya serikali mbili. Wafilipino wakafuata mwaka 2009, na Wavietnamu mwaka 2014. Watunzaji hao walitakiwa kufanya kazi miaka mitatu kisha wafanye mtihani wa taifa kwa lugha ya Kijapani, na asiyefaulu alipaswa kurejea kwao. Mtu anaweza kujua namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, lakini akashindwa mtihani kwa sababu maandishi ya neno "jokuso", ambalo maana yake ni vidonda hivyo hivyo, yanawatatiza hata Wajapani wenyewe.

Tangu Aprili 2019 uko mlango mwengine. Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, akifaulu mitihani ya kazi na ya lugha, huweza kuajiriwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Lakini mlango huu una sharti zito: haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Akija kufaulu ule mtihani wa taifa ndipo huweza kupata kibali kinachoendelea kufanywa upya, na kuiita aila yake. Na tangu Aprili 2025 wageni hawa wameruhusiwa pia kwenda kuwahudumia wazee majumbani mwao, si katika makao ya wazee tu.

Nayo kazi yenyewe si nyepesi. Ni kumwinua mtu mzima kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu bila ya kumwangusha na bila ya kujivunja mgongo. Ni kubadilisha nepi za watu wazima, kulisha kijiko kwa kijiko chakula kilicholainishwa ili mzee asipaliwe, na kukesha zamu ya usiku. Ni kumvumilia aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, ambaye asubuhi anakuita kwa jina la bintiye na jioni anakupiga kofi akikudhania mwizi. Kisha yote hayo huandikwa katika daftari la zamu, kwa Kijapani.

Twaeleza haya ili msomaji afahamu kwamba hatuzungumzii kazi duni. Tunazungumzia kazi ngumu yenye elimu yake.

MGENI WA MADYAN

Anayeona haya kwamba Mwislamu anakwenda ugenini kumtumikia mzee wa watu, na akumbuke habari za Nabii Musa (A.S.) kama zilivyoelezwa katika Surat al-Qasas. Alitoka Misri akiwa mkimbizi, hana chakula wala mahali pa kulala. Alipofika kwenye kisima cha Madyan aliwakuta wasichana wawili wamewazuia wanyama wao, wakingoja wachungaji wanaume wamalize kunywesha, kwani baba yao alikuwa mzee sana. Musa akawanyweshea bila ya kudai kitu. Baadaye baba yao akamwita amlipe, na mmoja wa wale wasichana akatoa shauri aajiriwe.

Katika kisa hiki mna mambo matatu yanayotuhusu.

La kwanza, ni kwamba Mtume mkubwa miongoni mwa Mitume alikuwa mfanyakazi mgeni katika nyumba ya mzee asiyejiweza. Heshima yake haikupungua kwa hilo. Basi nani leo atakayemdharau msichana wa Java au kijana wa Mombasa kwa sababu anamsukuma mzee katika kiti cha magurudumu?

La pili, ni sifa mbili alizozitaja yule binti katika shauri lake: nguvu na uaminifu. Wataalamu wa leo wameandika vitabu vinene juu ya sifa za mtunzaji bora, lakini ukivikamua utakuta hizo hizo mbili. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atamwibia mzee au atamtesa gizani. Na mwaminifu asiye na nguvu wala ujuzi atamwangusha huku akimpenda.

La tatu, na hili husahauliwa sana, ni mkataba. Yule mzee hakumwambia Musa kaa tu, tutaonana. Alitaja muda, miaka minane, na ikiwa atatimiza kumi basi ni kwa hiari yake. Akaahidi kwamba hataki kumtaabisha. Musa naye akaukubali muda kwa sharti kwamba asidhulumiwe, na wote wawili wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Muda unajulikana, malipo yanajulikana, na mwenye kuajiri anajifunga kwa ulimi wake kutomwonea aliye mnyonge. Mikataba mingapi ya leo yenye mihuri na saini ina mambo haya matatu?

LAKINI MZAZI JE?

Hapa ndipo penye uzito. Kisa cha Musa kinatuonyesha kwamba kazi ni halali na ya heshima. Hakituambii ni nani anayefaa kuiendea na nani anayepaswa kubaki.

Sote twajua namna Qur'ani ilivyoweka wema kwa wazazi mara tu baada ya kumwabudu Mungu Mmoja, na kwamba katika Surat Bani Israil umetajwa hasa wakati wa uzee, mzazi anapokuwa kwako, hata kumguna kukakatazwa. Na imepokewa kwamba alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wahai. Aliposema ndio, aliamrishwa jihadi yake aifanye katika kuwahudumia. Mwengine alikuja kutoa ahadi ya kuhama, akasema kuwa amewaacha wazazi wake wanalia. Huyo aliambiwa arudi akawachekeshe kama alivyowaliza. Na Uways al-Qarani wa Yemen, ambaye Mtume alimsifu kwa Umar ingawa hawakupata kuonana, alijulikana kwa sifa hii, kwamba alikuwa na mama, naye akamfanyia wema.

Ikiwa vita vya haki na hijra viliakhirishwa kwa ajili ya mzee, basi mshahara wa yeni utakuwaje?

Hoja hii ina nguvu, na haifai kuikwepa. Lakini inafaa tutambue kwamba mzazi ana haki mbili kwa mwanawe, wala si moja. Iko haki ya matumizi, yaani chakula, nguo, dawa na makazi. Na iko haki ya huduma, yaani mkono wa kumwinua, sikio la kumsikiliza na uso wa kumtazama. Mwana fukara aliye karibu huweza kuitimiza ya pili na akashindwa ya kwanza. Na mwana aliye mbali hutimiza ya kwanza akashindwa ya pili. Mama mwenye kisukari ambaye dawa zake hazinunuliki hafai kuambiwa kuwa ana bahati kwa sababu mwanawe amekaa pembeni yake akimtazama anavyodhoofika. Wala baba aliyejengewa nyumba ya matofali hafai kuambiwa ana bahati kwa sababu ana vyumba vinne, na humo ndani hamna mtu.

Hivyo kosa si kusafiri. Kosa ni kudhani kwamba pesa inaweza kulipa deni la mkono. Mwenye kwenda na ajiulize kabla ya kukata tiketi: ni nani atakayemwogesha mama yangu? Nimemtaja kwa jina, naye amekubali? Nimemwekea fungu lake katika mshahara wangu, au nimemtwika dada yangu mzigo kwa sababu tu yeye hakupata pasipoti? Mwanachuoni wa Kimarekani Arlie Hochschild aliandika mwaka 2000 juu ya kile alichokiita mnyororo wa matunzo. Mwanamke wa nchi tajiri humwajiri mgeni, mgeni naye humwachia wake mwanamke maskini zaidi, na huyo wa mwisho huwaacha wake kwa binti yake mkubwa. Kila pingu ya mnyororo huu hulipwa kidogo kuliko ile iliyo juu yake, na ile ya mwisho hailipwi kitu. Haki inataka tuitazame pingu ya mwisho, kwani mara nyingi hapo ndipo alipo mzazi wetu.

Yako pia mambo ya ruhusa. Watu husema, "Mama kaniruhusu." Lakini ruhusa ya mzee maskini ina namna zake. Mama anayejua kwamba wadogo wamefukuzwa shule kwa ada hataweza kusema usiende, hata moyo ukimvuja damu. Atasema nenda mwanangu, kisha ageuze uso. Basi mwana mwema huomba ruhusa kwa namna ambayo jibu la "hapana" linawezekana. Huja kabla hajatoa pesa kwa wakala, si baada yake. Hutaja siku ya kurejea, kama Musa alivyotajiwa muda. Na akiona kwamba hakuna mwengine kabisa wa kumhudumia mzazi aliye kitandani, basi wajibu umemwangukia yeye peke yake, naye atafute riziki iliyo karibu hata ikiwa ndogo.

JE, HURUMA HUNUNULIWA?

Wapo wanaosema kuwa kutunza mzee kwa mshahara ni kuifanya huruma bidhaa. Maneno haya yanasikika vizuri, lakini hayawi sawa yakipimwa. Mwalimu wa Qur'ani hulipwa, na mganga hulipwa, wala hatusemi kwamba elimu na tiba vimeharibika kwa hilo. Mshahara hununua saa na ujuzi. Huruma yenyewe hainunuliwi, nayo aliye nayo huitoa juu ya mshahara, na asiye nayo hawezi kuitoa hata akilipwa mara kumi.

Tena kazi hii ina sifa moja inayoifanya kuwa mizani ya imani. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu hawezi kukushitaki. Ukimfinya, kesho hatakumbuka. Ukimnyima maji, hawezi kusema. Ukimfunika blanketi vizuri saa tisa za usiku, hakuna atakayekushukuru. Shahidi ni Mmoja tu. Wengi wetu huwa wema kwa sababu tunatazamwa na watu, na hapa hakuna anayetazama.

Atauliza mtu: na yule mzee si Mwislamu. Jibu ni jepesi. Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye hakuwa amesilimu, akamwuliza Mtume kama amfanyie wema, akaamrishwa amfanyie. Udhaifu wa uzee hauulizwi dini. Ama mambo ya kivitendo, yapo, na ni bora yajulikane mapema. Je, mwajiri anakubali mtandio? Yako makao yanayokubali na yako yasiyokubali. Sala za mchana zitapatikana katika mapumziko? Mwanamke atapangiwa kuogesha wanawake? Inapolazimika vyenginevyo, wanazuoni wameruhusu kwa muuguzi kiasi cha dharura kwa kadiri yake, wala si zaidi. Yote haya huulizwa kabla ya kutia saini. Anayenyamaza kwa kuogopa kukosa kazi, akifika huko ndipo aseme, amejidhulumu na amemdhulumu mwajiri.

DHULMA NJIANI

Mtume (S.A.W.) aliamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini katika biashara hii ya leo mfanyakazi huanza kwa kulipa kabla hajatoka jasho. Madalali humtoza ada, naye huweka rehani shamba au hukopa, akafika ugenini akiwa mtumwa wa deni.

Tazama yaliyotokea Uingereza. Februari 2022 nchi hiyo, kwa uhaba wa mikono, iliruhusu watunzaji wa wazee kutoka nje kupata viza. Watu wakamiminika kutoka Nigeria, Zimbabwe, India na kwengineko. Wengi waliuza walichonacho ili kuwalipa mawakala, ilhali mwajiri hakuruhusiwa kumuuzia mtu kazi. Baadhi yao walipofika walikuta saa za kazi hazipo, au kampuni ni jina tu. Serikali ilipozifutia kampuni hizo leseni, aliyeumia ni mfanyakazi, kwani hupewa kwa kawaida siku 60 atafute mwajiri mwengine au aondoke. Machi 2024 wakakatazwa kuja na wake, waume na watoto wao. Na tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kwa watunzaji wapya kutoka nje. Ndani ya miaka isiyofika minne watu waliitwa, wakatumiwa, kisha wakaambiwa basi.

Na Taiwan, ambayo tangu mwaka 1992 inaruhusu watunzaji wa kigeni, na ambako sehemu kubwa yao ni wanawake wa Kiindonesia, wale wanaolala katika nyumba za waajiri hawamo katika sheria kuu ya kazi inayoweka mipaka ya saa na mapumziko. Mtu anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kazi yake inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi? Dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walio katika majumba ya Ghuba wanalijua vizuri swali hili, kwani wengi walioajiriwa kufagia na kupika hukuta ndani yumo bibi mgonjwa, naye huwa kazi ya pili isiyotajwa katika mkataba.

Basi anayekusudia safari ashike haya: mkataba ausome kwa lugha anayoifahamu kabla ya kuondoka. Pasipoti abaki nayo mwenyewe. Asilipe asichopewa risiti. Wakala amhakikishe kwa serikali yake, si kwa maneno ya kijiweni. Na nakala ya kila karatasi amwachie mtu nyumbani.

WAJIBU WA WAKUBWA

Kumlaumu kijana peke yake ni kumwonea. Nchi tajiri inayochukua muuguzi aliyesomeshwa kwa kodi ya nchi maskini imechukua na gharama ya kumsomesha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2010 kanuni za uajiri wa watumishi wa afya baina ya nchi, lakini kanuni hizo ni za hiari, na cha hiari mwenye haja hukiruka.

Qadhi Abu Yusuf ameeleza katika Kitab al-Kharaj kwamba Khalifa Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi kipofu akiomba mlangoni. Akamchukua nyumbani kwake, kisha akaamuru atazamwe na hazina ya umma, akiona si insafu kuula ujana wa mtu na kumtupa uzeeni. Maneno haya yana mafunzo kwa wenye kuajiri. Mgeni aliyekupa miaka mitano ya mgongo wake ana haki zaidi ya tiketi ya kurudia.

Na sisi tusijifanye tumesalimika. Tunapenda kusema kuwa Wazungu na Wajapani wamewatupa wazee wao, sisi tunao majumbani. Ni kweli kwamba Japani wako wengi wanaokufa peke yao bila ya mtu kujua. Lakini wao wamekiri tatizo, wakaliwekea sheria na fedha. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mkazi aliyefikia miaka 70 posho ya mwezi, nayo Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa wazee wa umri huo huo. Hizo ni hatua njema, na kila mwenye insafu atazishukuru. Hata hivyo posho nayo ni matumizi, si huduma. Vijijini mwetu wako wazee wanaopokea posho na hawana wa kuwatekea maji, na watoto wao hawako Japani wala London, wako mjini, mwendo wa nusu siku kwa basi.

HITIMISHO

Tukikusanya tuliyoyasema, jibu ni hili. Kwenda ugenini kutunza wazee kwa ujira ni kazi halali, na kwa mwenye nia njema ni ibada. Inakuwa makosa kwa anayemwacha mzazi asiye na mwengine, kwa anayeichukua ruhusa ya mzee kwa kumbana, na kwa anayedhani kuwa pesa aliyotuma imemaliza deni lake. Na inakuwa dhulma kwa mwajiri, dalali na serikali inayotaka mikono ya watu lakini haiwataki wenyewe.

Ewe ndugu uliye mbali, unapomwogesha mzee wa watu, mwogeshe kama ambavyo ungetaka wako aogeshwe. Na wewe uliyebaki na mzee wa ndugu yako aliyesafiri, jua kwamba ujira wa kazi ile mko wawili ndani yake, na ndugu yako akisahau kukupa fungu lako, Mola wako hasahau.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowapata wazazi wao uzeeni na wasikose Pepo kwa ajili yao. Amin.